Sekunde 350 ndani ya kabati la taa: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa mmoja wa soriasisi

Mgonjwa ambaye kisa chake kinachambuliwa hapa ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 36, aliyeishi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza unaoleta mabaka manene yenye magamba, kwa miaka 12 kabla hajafika kwenye kliniki yetu ya ngozi. Ameridhia kisa chake kiandikwe kwa sharti kwamba jina lake, shule yake na hospitali visitajwe, nami nimebadilisha mambo madogo madogo yanayoweza kumtambulisha. Ninakiandika kwa sababu aliungua mikononi mwetu, kwa kosa ambalo kazi ya dakika moja ingelizuia, na kwa sababu siku aliporudi kulalamika niliitazama ngozi yake kwa macho yangu mawili nikamwambia kwamba hakuungua.

Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka 24, majuma machache baada ya mafindofindo makali, kwa vipele vidogo vilivyotawanyika kiwiliwilini kama matone ya mvua. Mwanzo wa namna hiyo unajulikana, kwa kuwa bakteria wa streptokokasi waletao mafindofindo huweza kuiamsha soriasisi kwa mtu mwenye asili ya kuipata. Vipele vilipungua, lakini yakaja mabaka manene kwenye viwiko, magoti, mgongo wa chini na kichwani. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya fangasi. Ya pili ilimpa dawa nyingine ya fangasi. Baadaye alinunua mwenyewe, kwenye duka la dawa, krimu ya mchanganyiko yenye klobetasoli, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kali mno miongoni mwa zile za kupaka, akaitumia kwa miaka hadi ngozi ya mikunjo ya viwiko ikawa nyembamba na yenye michirizi. Kuna mwaka alipewa vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza. Ngozi ilisafika ndani ya wiki moja naye akaamini amepona, kisha dawa ilipokwisha mabaka yakarudi na kuenea hadi mapajani na tumboni, mahali ambapo tangu awali hapakuwa na kitu. Hilo ndilo jambo tunalowaonya wenzetu kila siku: mgonjwa wa soriasisi akikatishwa ghafla vidonge vya prednisoloni, ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo, wakati mwingine ukiwa na vijipu vya usaha mwili mzima vinavyohatarisha maisha.

Alipofika kwetu, mabaka yalikuwa yamefunika takriban asilimia 18 ya ngozi yake. Kwa kipimo cha PASI, ambacho hujumlisha eneo, unene, magamba na wekundu wa mabaka na ambacho alama yake ya juu ni 72, alikuwa na 14.8. Katika maswali 10 yanayopima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoyaathiri maisha, yenye alama ya juu ya 30, alipata 17. Alikuwa akivaa mikono mirefu mwaka mzima, na wazazi wawili walikuwa wameomba watoto wao wahamishiwe mkondo mwingine wakidhani mwalimu ana ukoma. Kwenye bega la kulia palikuwa na baka jembamba lililofuata kabisa mkanda wa mkoba wake wa madaftari, kwa maana soriasisi hupenda kuota pale ngozi inaposuguliwa au kujeruhiwa. Naomba msomaji alikumbuke baka hilo, kwani tabia hiyo itarudi baadaye katika kisa hiki kwa namna ya kusikitisha.

Jambo jingine la kukumbuka ni rangi. Picha nyingi tulizosomea zinaonyesha mabaka mekundu yenye magamba ya rangi ya fedha. Kwenye ngozi yake, ambayo ni nyeusi ya maji ya kunde iliyokolea, mabaka yalikuwa ya zambarau iliyofifia kuelekea kahawia, na magamba yalikuwa ya kijivu. Nilipokuwa nikijaza ile sehemu ya PASI inayouliza wekundu ni wa ngazi gani, nilisita, nikaandika namba ya kukisia, nikaendelea. Sikujiuliza kwa nini nilisita.

Tulimpima VVU, kwa kuwa maambukizi hayo huweza kuifanya soriasisi iwe kali, na majibu yakawa hana maambukizi. Dawa ambayo kwa kawaida ingefuata ni methotreksati, lakini yeye na mumewe walikuwa wakitafuta mtoto wa pili, na methotreksati ni marufuku kwa mjamzito kwa sababu huharibu mimba. Dawa mpya za sindano zinazozuia protini za uvimbe zilikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Ipo pia tiba ya mwanga inayotanguliwa na soraleni, dawa inayoifanya ngozi iathiriwe zaidi na mwanga. Chimbuko lake ni mmea wa Ammi majus unaoota bonde la Nile, ambao Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliutafiti katika miaka ya 1940 kwa wagonjwa wa vitiligo, ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi kwa mabaka, na mwaka 1974 madaktari wa Boston wakaunganisha vidonge vya soraleni na miale ya urujuanimno A, aina moja ya miale isiyoonekana iliyomo pia katika jua, kwa ajili ya soriasisi. Tiba hiyo ina nguvu, lakini huongeza hatari ya saratani ya ngozi inapotumika kwa muda mrefu, na hatungempa mwanamke anayetafuta ujauzito. Ikabaki miale ya urujuanimno B ya wigo mwembamba, anayopewa mgonjwa akiwa amesimama ndani ya kabati lenye mirija ya taa, ambayo haihitaji dawa yoyote ya kumeza na huweza kutumika hata wakati wa ujauzito.

Alipoelezwa hayo aliuliza swali ambalo kila mgonjwa wetu huliuliza, nalo ni la haki: nchi yenye jua kama hili, kwa nini nipande basi kufuata taa? Jibu ni kwamba jua husaidia wengi, na watu wa Ulaya husafiri hadi Bahari ya Chumvi kuliota kwa sababu hiyo hiyo, lakini jua halina kipimo. Nguvu yake hubadilika kwa saa, kwa wingu na kwa majira, na sehemu kubwa ya urujuanimno wake ni ya aina A. Mwaka 1981 watafiti Parrish na Jaenicke walionyesha kwamba miale yenye urefu wa wimbi wa nanometa 290 kwenda chini huunguza ngozi bila kuponya soriasisi, ilhali ile ya kati ya nanometa 300 na 313 huponya hata kwa kiasi kisichounguza. Taa tunazotumia hutoa karibu mwanga wake wote wa tiba kwenye nanometa 311 hadi 313. Kisha kuna jambo la kibinadamu: mabaka ya mwalimu huyu yalikuwa mgongoni, makalioni na mapajani, na aibu ya ugonjwa ndiyo iliyomfanya azidi kujifunika, hata jua la bure lisiifikie ngozi iliyokuwa ikilihitaji.

Ndani ya ngozi, kazi ya miale hii ni kuzima moto wa kinga usiokuwa na sababu. Katika soriasisi, chembe za kinga aina ya T hukusanyika kwenye ngozi na kutoa ujumbe wa kikemikali unaozihimiza chembe za tabaka la juu kuzaliana kwa kasi; ngozi ambayo ingechukua takriban mwezi mmoja kujibadilisha hujibadilisha kwa siku chache, na magamba ni mabaki ya haraka hiyo. Miale ya urujuanimno B humezwa na DNA ya chembe hizo, na chembe za T, ambazo ni dhaifu mbele yake, hufa kwa wingi. Ujumbe hupungua na ngozi hutulia. Ni tiba ileile inayoharibu DNA kwa makusudi, kwa kiasi kinachopimwa, na ndiyo maana kipimo ni roho ya kazi hii.

Kabla ya kuanza tulimuuliza yale yanayopaswa kuulizwa: kama amewahi kuugua lupasi, ugonjwa wa kinga ambao mwanga huuchochea, au saratani ya ngozi, na kama anatumia dawa zinazoifanya ngozi iogope mwanga, kama doksisaikilini, dawa za salfa au zile za kukojoza maji. Watu wenye ualbino hatuwaingizi kabisa kwenye kabati hili, kwa kuwa ngozi yao haina melanini, rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuwakinga. Tulimwelekeza asijipake manukato wala ndimu siku ya tiba, avae miwani ya kinga, uso ambao hauna ugonjwa ufunikwe kwa kitambaa, na nguo ya ndani iwe ya ukubwa uleule kila mara, ili isije siku moja ikaacha wazi kipande cha ngozi ambacho hakijazoea mwanga.

Kipimo chake cha kwanza tulikitoa kwenye jedwali la madaktari wa ngozi wa Marekani, linalofuata ngazi 6 za daktari wa ngozi Fitzpatrick, zinazoipanga ngozi kuanzia nyeupe inayoungua upesi (I) hadi nyeusi kabisa (VI): kwa ngazi ya V, anza na milijouli 350 (kipimo cha nishati ya mwanga) kwa kila sentimita ya mraba, na ongeza 60 kila awamu, mara tatu kwa wiki. Kwa awamu tisa za mwanzo alifika milijouli 830 bila tatizo lolote, na magamba ya mgongoni yakaanza kupungua. Kisha akasimamia mitihani akakosa siku 9. Kwa mujibu wa mwongozo, anayekosa kati ya wiki moja na mbili hupunguziwa robo ya kipimo, nasi tukamrudisha kwenye 620. Awamu ya 15 alipata 920. Awamu ya 16, Ijumaa saa tatu asubuhi, alitakiwa kupata 980.

Siku moja kabla ya Ijumaa hiyo, fundi wa vifaa tiba alikuwa amebadilisha mirija yote ya kabati, kwa kuwa miwili ilikuwa ikipepesa na mingine ilikuwa imechoka. Tulifurahi. Hakuna aliyekumbuka maana yake. Kabati la taa halijui milijouli. Linajua sekunde tu. Milijouli hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya taa, inayosomwa kwa kipimamwanga kama miliwati kwa sentimita ya mraba, na idadi ya sekunde ambazo mgonjwa amesimama ndani. Mirija ikizeeka nguvu hushuka, na sekunde lazima ziongezwe. Mirija ikiwa mipya nguvu hupanda, na sekunde lazima zipunguzwe. Kwenye mlango wa kabati letu palibandikwa karatasi ya kurahisisha kazi, iliyobadilisha milijouli kuwa sekunde, na karatasi hiyo ilikokotolewa kwa nguvu ya mirija ya zamani, yaani miliwati 2.8. Kwa hesabu hiyo milijouli 980 ni sekunde 350. Kipimamwanga kilikuwa kimefungiwa ofisini kwa mkuu wa kitengo, aliyekuwa safarini na ufunguo wake. Muuguzi aliweka sekunde 350 kama karatasi ilivyosema, na mimi ndiye niliyetia saini.

Usiku ule, kama saa nne, ngozi ilianza kumchoma. Jumamosi asubuhi alikuja, nami nilikuwa zamu. Alinisalimia kwa upole, akasema, "Daktari, naona kama nimeungua." Nilimpeleka dirishani, nikamtazama mgongo, tumbo na mapaja. Nilitafuta wekundu, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa kwamba ngozi iliyozidishiwa mwanga huwa nyekundu, na sikuuona. Niliandika kwenye faili lake maneno ambayo nimeyasoma tena mara nyingi tangu siku hiyo: "Hakuna wekundu. Ngozi kavu. Apake mafuta mgando. Aendelee Jumatatu." Nilimweleza kwamba ukavu na mwasho kidogo ni kawaida katika tiba hii, jambo ambalo ni kweli, na ambalo kwa siku ile lilikuwa jibu la mtu mwingine. Alishukuru akaondoka. Alikuwa amesafiri zaidi ya saa moja kuja.

Siku hiyohiyo mgonjwa mwingine wa Ijumaa alipiga simu. Huyu alikuwa na vitiligo, na alisema mabaka yake meupe ya mikononi yamekuwa mekundu kama pilipili. Muuguzi alimwambia aruke awamu ya Jumatatu, akaandika kwenye daftari. Hayakuwepo mawasiliano kati ya daftari lile na faili langu.

Jumatatu mwalimu alikuja kwa awamu ya 17. Aliyekuwa zamu ni muuguzi wetu mkongwe, mama anayekaribia kustaafu, na yeye hakuanza kwa kutazama. Aliuliza, "Mwalimu, umelalaje siku hizi mbili?" Mwalimu akajibu, "Sijalala, Sista. Nimekesha nimekaa. Hata kanga imekuwa kama miiba." Sista akageuza kiganja, akauweka mgongo wa mkono wake kwenye kiuno cha mgonjwa juu ya mstari wa nguo ya ndani, kisha chini ya mstari huo, mahali ambapo mwanga haukufika. Juu palikuwa pa moto, chini pa kawaida. Akaniita. Niliposimama upande wa mwanga na kuangalia mpaka ule, niliona kile ambacho Jumamosi sikukiona: juu ya mstari ngozi ilikuwa imekoza rangi na kuelekea zambarau, inang'aa kwa kuvutika, vinyweleo vimefunguka kama ganda la chungwa, na kiunoni palikuwa na malengelenge manne madogo. Yote hayo, isipokuwa malengelenge, bila shaka yalikuwepo Jumamosi.

Sista akataja mgonjwa wa vitiligo. Wagonjwa wawili, siku moja, kabati moja. Ufunguo ulipatikana saa hiyohiyo, tukawasha kabati, tukaziacha taa zitulie, tukapima. Kipimamwanga kilisoma miliwati 4.9. Kwa sekunde 350 mwalimu alikuwa amepata milijouli 1,715 badala ya 980, yaani kipimo chake na robo tatu ya ziada. Sekunde alizostahili zilikuwa 200.

Kosa la sekunde ni rahisi kulieleza, na hospitali yoyote inaweza kulirekebisha. Lililonikosesha usingizi ni lile la Jumamosi. Mwanga uleule uliwaunguza watu wawili. Kwa mmoja kuungua kulionekana kwa sababu kulitokea kwenye mabaka yaliyopoteza rangi, na kwa mwingine hakukuonekana kwa sababu melanini ilikifunika kile nilichozoea kukitafuta. Wekundu wa kuungua ni damu iliyojaa kwenye mishipa midogo chini ya tabaka la juu, nayo hujaa kwa mtu mweusi kama inavyojaa kwa mtu mweupe. Kinachotofautiana ni pazia lililo mbele yake. Hata ngazi za Fitzpatrick zenyewe, alizozitunga mwaka 1975 ili kukadiria vipimo vya tiba ya mwanga, zilianza na ngozi nyeupe, na ngazi za V na VI ziliongezwa baadaye. Katika majedwali mengi ngazi ya VI huelezwa kuwa ngozi "isiyoungua kamwe". Nimewafundisha wanafunzi kwa sentensi hiyo. Ni sentensi ya hatari ikiingia kwenye chumba chenye taa hizi, kwa kuwa inamwandaa mtaalamu kutomwamini mgonjwa anayesema anaungua. Sisi tunaotibu watu weusi, tena sisi wenyewe tukiwa weusi, hatuna udhuru wa kusoma ngozi zetu kwa macho ya kuazima.

Nilimweleza mwalimu ukweli siku ileile, kwa lugha ya kawaida na bila kumtupia lawama fundi wala muuguzi: kwamba taa zilibadilishwa, kwamba hatukupima, kwamba alipata karibu mara mbili ya alichostahili, na kwamba Jumamosi alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo hamkupima?" Nikamwambia hatukupima. Nilimwomba radhi. Naandika jambo hili kwa urefu kidogo kwa sababu kuna wenzetu wanaodhani kukiri hivyo kunamfukuza mgonjwa. Yeye alisema atarudi, lakini kwa sharti kwamba namba ya kipimamwanga isomwe mbele yake.

Matibabu ya kuungua yalikuwa mepesi: vitambaa vya maji baridi, mafuta ya kulainisha mara nyingi kwa siku, steroidi ya kupaka ya nguvu ya kati kwa siku tano, na parasetamoli kwa maumivu. Malengelenge hatukuyapasua. Mwanga ulisimamishwa hadi maumivu na joto viishe kabisa. Wiki ya pili, ngozi ilipoanza kubambuka, yale niliyoyahofia yakatokea: kiunoni, pale palipoungua zaidi, yakaota mabaka mapya madogo ya soriasisi, kwa tabia ileile iliyolizaa baka la mkanda wa mkoba. Kwa hiyo kosa letu lilimuumiza, na juu ya hilo liliupa ugonjwa wake ardhi mpya. Tulirudi kwenye mwanga baada ya siku 16, tukianza na milijouli 460, nusu ya kipimo cha mwisho alichokivumilia vyema, na kuongeza asilimia 10 tu kila awamu. Alipokaribia 1,600 tulisimama hapo.

Ile karatasi ya mlangoni iliondolewa. Sasa daftari lina safu tatu ambazo lazima zijazwe kwa mpangilio: milijouli zilizoagizwa, miliwati zilizosomwa, na sekunde zilizokokotolewa, anayejaza sekunde bila kujaza miliwati hawezi kuwasha. Kupima ni kila wiki na kila mirija inapoguswa, na kipimamwanga chenyewe hupelekwa kusahihishwa kila mwaka, kwa kuwa nacho huchoka. Maswali ya Sista yameingia kwenye utaratibu wa kila awamu: umelalaje, nguo zinakuuma, na mgongo wa mkono uwekwe juu na chini ya mstari wa nguo. Ngozi hutazamwa mwishoni, kwa kulinganisha sehemu iliyopata mwanga na iliyofunikwa, wala si kwa kutafuta rangi moja iliyotajwa kitabuni.

Kilichokuwa kigumu zaidi kuliko hayo yote ni mahudhurio. Mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, kwa mtu mwenye vipindi vya kufundisha na nauli ya kwenda na kurudi, ni mzigo ambao wengi huutua njiani. Mwalimu mkuu wake alikubali, baada ya barua mbili, ahamishiwe vipindi vya mchana. Nchi nyingine zimejaribu kuipeleka taa nyumbani kwa mgonjwa. Nchini Uholanzi utafiti wa wagonjwa 196, uliochapishwa 2009, uliona kuwa tiba ya nyumbani haikuzidiwa na ya hospitali. Na nchini Marekani utafiti wa wagonjwa 783, uliochapishwa 2024 na ambao kwa makusudi uliwahusisha watu wa ngozi za aina zote, ulionyesha kwamba asilimia 51 ya waliotibiwa nyumbani waliifuata ratiba, ilhali kwa waliotakiwa kwenda kliniki walioifuata walikuwa asilimia 16 tu. Natamani siku moja iwe hivyo hapa. Lakini taa ya nyumbani ambayo hakuna anayeipima ni ileile sekunde 350 yetu, tena bila Sista wa kuuliza mtu amelalaje, na umeme unaokatika hauisaidii. Kwa sasa ningependa zaidi kabati moja linalopimwa vizuri katika kila hospitali ya mkoa, lenye saa za jioni kwa wafanyakazi.

Mwalimu alimaliza awamu 35. PASI ilishuka kutoka 14.8 hadi 2.1, na alama ya maisha kutoka 17 hadi 4. Mahali palipokuwa na mabaka pakabaki madoa meusi bapa, ambayo tulimweleza kuwa ni kivuli cha uvimbe uliopona na yatafifia kwa miezi, ili asirudi kuyapaka klobetasoli kwa kudhani ni ugonjwa. Idadi ya awamu na jumla ya milijouli, pamoja na zile za ziada, zimeandikwa kwenye kadi atakayobaki nayo maisha yake yote. Ufuatiliaji wa wagonjwa 3,867 nchini Scotland, uliochapishwa 2008, haukuona ongezeko la wazi la saratani ya ngozi kutokana na mwanga huu wa wigo mwembamba, lakini hesabu ni lazima iwekwe.

Soriasisi haiponi moja kwa moja, naye alilijua hilo. Mwezi wa tisa baada ya kumaliza, mabaka yalirudi kwenye viwiko na mgongo wa chini, akiwa na ujauzito wa miezi minne. Tulihakikisha anameza asidi ya foliki, kwa kuwa mwanga huu ukitolewa kwa wingi huweza kupunguza foleti mwilini, tukaanza upya kwa milijouli 350. Alikuja na daftari lake la shule, lenye namba za awamu zote tangu ile ya kurudi. Kipimamwanga kilisoma 4.1. Alipiga hesabu mwenyewe kabla ya muuguzi, akaandika sekunde 85, akavaa miwani, akaingia.